Nywele za Arobaini na Mashine Inayosoma Vifua

Siku ile, katika chumba cha radio, cha kupigia picha za ndani ya mwili, katika hospitali yetu hapa Kindu, tulikuwa watu watano na mtoto mchanga. Niwataje mmoja mmoja, maana mimi nikianza habari bila majina napotea. Alikuwepo Shabani, fundi wa radio, mwana wa Hadija aliyekuwa akiuza mikate ya mafuta kwenye mlango wa hospitali. Mimi ndiye niliyemfundisha Shabani kuosha filime, kabla hajaenda kuisomea kazi hiyo shuleni. Alikuwepo Dokta Feza, ambaye wazazi wake walikuja toka Butembo kufungua duka hapa, yeye akazaliwa papa hapa, akaenda kusoma mbali na akaturudia. Alikuwepo Chausiku, jirani yangu wa mtaa wa Mikelenge, rafiki yangu, na mtu niliyemkosea kuliko watu wote duniani. Alikuwepo Mwavita, binti ya Chausiku, aliyezaliwa wakati wa vita, na jina linasema. Mtoto mchanga alikuwa wake Mwavita, Salumu, aliyetoka kutimiza arobaini. Na mimi, Mwamini, mama ya Ramazani, niliyestaafu zamani lakini miguu yangu haijapata barua ya kustaafu.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikaa mama mkwe wa Mwavita, Mama Bahati. Kitambaa cha kumbebea mtoto alikuwa amekwisha kukikunja na kukiweka mapajani. Mkumbuke kitambaa hicho.

Sasa nyinyi wajukuu mnaosomea kazi ya hospitali mmeniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi. Mimi shule niliiacha mwaka wa tatu. Herufi zangu zinapanda mlima na kushuka bonde, Mwavita ananinyooshea. Lakini kusoma kifua, hapo mwaka wa tatu hauniangushi.

Radio, ndiyo ile picha ya ndani ya mwili, siku hizi inatoka kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajavaa shati. Zamani ilikuwa ni filime, na filime ilikuwa inapikwa. Kulikuwa na chumba cha giza chenye taa moja nyekundu, na ndani yake beseni tatu. Ya kwanza ni ya revelateri, dawa inayoitoa picha. Ya pili ni ya maji. Ya tatu ni ya fiksateri, dawa inayoikamata picha isikimbie. Fiksateri ikikugusa nguo, nguo hiyo huivai tena msikitini. Nilikuwa na kikwembe kimoja cha kazi, mume wangu alikuwa ananitambua kwa harufu kabla sijafika barabarani.

Aliyenifundisha alikuwa Papa Alimasi, fundi wa radio, mtu mrefu, mkali, mwenye masikio ya kusikia hata unavyowaza. Siku yangu ya kwanza alinituma nilete boksi la filime. Nikalileta. Nikataka kuona kama zimo, nikalifungua nje, jua la saa sita likiwaka.

Papa Alimasi alitoka, akatazama boksi, akanitazama mimi.

"Mama Ramazani, umetupikia jua?"

"Nilitaka kuhesabu, Papa."

"Haya, hesabu vizuri. Zote ni zako sasa."

Kweli alinipa zote, nikazifanya kioo cha dirisha. Mpaka leo dirisha langu la jikoni ni filime zile. Wageni wanadhani ni urembo.

Saa sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, gizani ungeisomaje? Filime ikikaa kidogo kwenye revelateri, kifua kinatoka hafifu kama moshi. Ikizidi, kinatoka cheusi kama sufuria ya msibani. Papa Alimasi alikuwa anahesabu moyoni. Mimi kuhesabu kulikuwa kunanishinda, nafika kwenye sitini nasahau. Ndipo nikatafuta njia yangu. Nilikuwa nataja majina ya watu wa kwetu. Naanza na babu yangu Kibwana, nashuka kwa watoto wake, kisha wajukuu, polepole, kama mtu anayeitisha watu kwenye kikao cha ukoo. Nikifika kwa mdogo wangu wa mwisho, Tausi, natoa filime. Haikukosea. Dawa ikichoka, naongeza wakwe. Wakati wa vita dawa ilichoka kabisa, tukaitia maji mara ngapi sijui, ikabidi nitaje wakwe, majirani, na mbwa wa Papa Alimasi, Kali.

Papa alikuwa anasikiliza toka nje ya mlango. Siku moja alibisha.

"Mama Ramazani! Leo shangazi yako Zena umemuruka. Filime itatoka mbovu."

Nilikuwa nimemruka kweli. Na filime ilitoka mbovu.

Mambo mengine ya mikono, yachukueni hata kama beseni hamtaziona tena. Joto la dawa nilikuwa nalipima kwa kiwiko, kama maji ya kuogesha mtoto. Kusuuza nilikuwa natumia maji ya mvua, si ya mto, maana maji ya Lualaba yana mchanga, na punje moja ya mchanga ikikaa kwenye filime inakuwa kidonda katika pafu la mtu. Na kabla ya kumsimamisha mgonjwa kwenye sahani ya radio, vua kila kitu. Vua mkufu, vua shanga, vua hirizi kwa heshima na uishike mkononi ili mwenyewe aione, fungua fundo la kikwembe. Vyote hivyo nilivijua. Kimoja sikukijua, na hicho kimoja kilimnyang'anya Chausiku mtoto.

Ilikuwa hivi. Vita ilikuwa imeuzunguka mji. Treni haikufika, kwenda kulima ng'ambo ya mto ilikuwa ni kucheza na roho. Daktari mkubwa alikuwa ameondoka kwa ndege. Papa Alimasi alikuwa amekwenda Kampene kumzika kaka yake, njia ikafungwa nyuma yake. Hospitalini tulibaki muganga Saidi, ambaye kwa cheo alikuwa mwuguzi lakini miaka ile alikuwa daktari, na mimi, muosha filime niliyegeuka kuwa fundi. Dawa za kupimia makohozi ziliisha. Filime zilibaki kumi na mbili. Saidi aliniambia, "Mutu mumoja, filime moja. Ukiharibu, basi."

Akaja Chausiku. Sikuwa namjua. Alikuwa ametoka tu kutimiza arobaini ya Mwavita. Nyinyi mnajua desturi yetu. Mzazi akitimiza siku arobaini, anaogeshwa, dada zake wanakaa naye siku nzima wanamsuka, ndipo anatoka nje watu wamwone. Hata katika vita ile, watu wanakula majani ya viazi bila mafuta, dada zake walipata uzi mweusi wakamsuka, nywele ndefu zilizofungwa uzi toka mzizi hadi ncha, nene, zimelala mpaka mabegani. Alikuwa mzuri. Lakini alikuwa anakohoa na amekonda. Na nani katika mji ule hakuwa amekonda?

Nilimvua mkufu, nikamvua shanga. Nywele sikuzigusa. Nilisema moyoni, nani atavuruga kazi ya dada zake?

Nikapiga, nikaingia gizani, nikataja majina mpaka kwa Kali, nikatoa filime. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na wingu lenye mistari. Saidi akaiinua dirishani.

"Mama Ramazani, weye umeona vifua kunishinda mimi. Hii njo kifua kikuu?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimeulizwa na muganga, mimi wa mwaka wa tatu. Nikasema, "Njo yenyewe," yaani ndiyo hiyo.

Chausiku alilazwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa kifua, ile iliyokuwa nyuma, mbali na wengine. Mama mkwe wake alikuwa amekaa ukumbini. Alimchukua Mwavita toka mikononi mwa Chausiku, akamfunga mgongoni, akasema mtoto hatanyonya ugonjwa. Kesho yake alipata watu wa kuvuka nao porini, akaenda na mtoto kwao Kampene. Chausiku aliita mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nasuuza filime kwenye maji ya mvua, nikamsikia.

Miezi mitatu alimeza dawa. Kule ndani walimnyoa kwa sababu ya chawa. Filime ya pili, aliyoiruhusu Saidi kabla ya kumtoa arudi nyumbani, ikatoka safi kabisa, Saidi akafurahi, "Dawa imefanya kazi!" Hata mimi nilifurahi.

Kisha Papa Alimasi akarudi, miguu imevimba, ndevu nyeupe. Kabla ya kula alitaka kuona filime zilizopigwa asipokuwepo. Aliweka zile mbili za Chausiku dirishani, bega kwa bega.

"Huyu mwanamuke alikuwa na nywele gani?"

Nikamwambia.

"Fuata kivuli na kidole. Fuata mpaka kwenye mwisho wake."

Nikafuata. Wingu lilianza kwenye pafu, likapita juu ya mfupa wa bega, likapanda, likatoka kwenye kifua, likaenda mpaka pembeni ya shingo, pale ambapo hakuna pafu wala nyama, ni hewa tu.

"Ugonjwa wa kifua unakaa katika kifua," Papa Alimasi alisema. "Haupande kwenye shingo kwenda kutembea inje. Hii ni nywele, Mama Ramazani."

Alivyoniambia kwa upole, mimi ningependa anitukane.

Nilikaa siku nne na jambo hilo. Ya tano nikaenda kwa Chausiku, nikamkuta anatwanga mpunga. Nikamwambia yote, sikumsingizia Saidi.

Aliweka mchi chini. "Mutoto wangu iko Kampene kwa sababu ya nywele?"

"Kwa sababu yangu."

"Ondoka kwanza. Ondoka, nitakuumiza."

Nikaondoka. Mpunga ulivunwa mara mbili hatujasalimiana. Kuanzia hapo kila filime niliyoipika, majina ya ukoo yakiisha, niliongeza moja, Mwavita wa Chausiku. Filime zangu zilikuwa nyeusi kidogo kushinda zamani. Papa Alimasi alijua sababu.

Siku moja Chausiku alifika kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanitupia kitana na uzi.

"Nisuke."

"Mimi?"

"Weye njo unajua pahali nywele inapashwa kukaa."

Nilimsuka huku machozi yananidondokea vidoleni. Nilizipandisha zote juu ya utosi, nikazifunga kama kilemba. Mpaka leo ni mimi namsuka, na anasukwa hivyo hivyo. Mwavita aliletwa njia zilipofunguka, ana miaka mitano. Alisimama mlangoni akamwambia bibi yake, "Mama yule ni nani?" Chausiku hakulia mbele yake. Alimuuliza kama amekula.

Sasa turudi katika chumba cha radio, siku ile ya watu watano.

Mashine mpya mnaijua, nyinyi mnaiita intelijensi artifisyeli, mimi naiita Musomaji. Shabani anapiga picha, inakwenda kwenye kompyuta, na kabla sijafika kwa jina la pili, kwa shangazi Zena, Musomaji amekwisha kusoma. Kifua kizuri anakiacha cheupe na cheusi. Akiona jambo, anapaka rangi pale. Rangi nyekundu ni mbaya kuliko zote. Amewakamata wachimbaji wanaotoka machimboni huko Kama, vifua vimejaa vumbi la mawe, watu ambao zamani wangekaa wiki nzima wakingoja macho ya daktari. Simsemi vibaya.

Mwavita alikuwa anakohoa wiki ya tatu. Alikuwa ametoka arobaini siku mbili tu. Dada za mumewe walikuwa wamemsuka kwa meshi, nywele za dukani, siku hizi si uzi tena, rasta nene zinazofika kiunoni. Shabani alimwambia azikunje juu, akazikunja, akavaa kanzu ya hospitali. Mimi na Chausiku tulikuwa upande wa pili wa ukuta wa risasi unaozuia miale ya radio, na Salumu mgongoni kwangu. Picha ikapigwa.

Musomaji akapaka nyekundu. Juu, pafu la kulia.

Shabani, ambaye huniita Koko, yaani bibi, alikuna kichwa. "Koko, iko mubaya. Na vidude vya mashine ya makohozi viliisha, tunangoja ndege. Itabidi alazwe."

Chausiku alishika ukuta. Mlangoni Mama Bahati alikuwa amesikia, amesimama, na kitambaa kimekunjuliwa.

"Mupe mie mutoto," alisema.

Mgongoni kwangu Salumu alikuwa amelala. Nilirudi nyuma hatua moja. "Ngoja, mukwe wangu. Ngoja kidogo. Shabani, ondoa rangi."

"Koko, mashine imesoma vifua vingi kushinda vya weye na mie."

"Nimesikia. Ondoa rangi, nione picha."

Akaiondoa. Nikaweka kidole kwenye kioo. Nikafuata kivuli. Kikapita mfupa wa bega. Kikapanda. Kikatoka.

"Dokta iko wapi? Muite."

Dokta Feza akaja na kikombe chake cha chai. Nikamwonyesha, nikaenda nyuma ya Mwavita, nikaingiza mkono kwenye kanzu yake. Rasta tatu zilikuwa zimeteleza toka kwenye fundo, zimelala ndani, juu ya bega la kulia, nene kama kamba ya mtumbwi.

Dokta Feza alizitazama, akatazama kioo, akaweka kikombe. "Rudia. Nywele zote juu, Koko azifunge mwenyewe."

Nilizifunga kwa kilemba changu. Shabani akapiga. Musomaji akasoma. Hakupaka kitu.

Chausiku aliteremka taratibu mpaka sakafuni akakaa, miguu imenyooka kama mtoto, akaanza kucheka. "Nywele! Tena nywele! Tunyolewe wote katika familia hii!" Mwavita alikuwa anacheka na kulia. Dokta alisikiliza kifua chake tena, akasema ni mafua ya msimu yaliyokawia, akampa dawa. Mama Bahati alikunja kitambaa chake. Si mtu mbaya, aliogopa tu.

Hapo ningenyamaza ningebaki shujaa. Lakini mdomo wangu haujui kufunga mlango. Nikamwambia Shabani, "Umeona? Mashine yako haijapata kumuona mwanamuke wa arobaini. Umulete kwangu, nimufundishe."

Halafu nikakohoa.

Shabani akageuka. "Koko, weye unakohoa toka asubui."

"Ni vumbi."

"Mama Chausiku, Koko anakohoa toka wakati gani?"

Chausiku, msaliti, akajibu, "Toka mavuno."

"Haya. Mufundisha-mashine, simama hapa."

Wote wakacheka, nami nikasimama kwa madaha. Nilimfungua Salumu mgongoni, nikampa mama yake, nikavua mkufu. Nilifungua fundo la kikwembe. Kilemba kilikuwa kichwani kwa Mwavita, lakini nywele zangu ni fupi kama za kuku aliyenyeshewa. Nilifanya kila kitu nilichomfundisha Shabani, nikavuta pumzi, nikaizuia.

Musomaji akapaka nyekundu. Katikati, kushoto.

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nikasema, "Ondoa rangi." Nikaweka kidole. Nilitafuta nywele, hakuna nywele. Nilitafuta fundo, hakuna fundo. Nilitafuta mkufu, ulikuwa mkononi mwangu. Nikafuata kivuli mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa ndani. Kilikaa katika kifua kama mwenye nyumba.

"Njo yenyewe," nikasema.

Kisha nikakumbuka nani alikuwa mgongoni kwangu siku zote zile. Arobaini nzima nilikuwa nambeba Salumu ili Mwavita alale. Tulikuwa tumemlinda mtoto na mama yake, na hatari ilikuwa ni mgongo wangu.

Ndege ilileta vidude, makohozi yakapimwa, ikawa kweli. Dokta Feza aliwaita wote wa nyumba zetu mbili. Salumu hakuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kumkinga. Mama Bahati ndiye aliyekuwa anaisaga na kumnywesha kwa kijiko, kila siku, mtoto yuko kwa mama yake.

Mimi nilimeza miezi sita. Hospitali inataka mtu akuangalie unapomeza. Chausiku alijiandikisha mwenyewe, hakuuliza mtu. Kila asubuhi anafika na uji wa mchele, anakaa kwenye kigoda, ananitazama koo.

"Fungua mudomo. Ulimi juu. Usinidanganye, weye ni mwongo wa zamani."

"Labda ni nywele," ninamwambia.

"Meza."

Mwezi wa sita Shabani alinipiga picha. Wakati Musomaji anasoma nilianza kutaja, Kibwana, Zena... na hapo akamaliza, kifua kikabaki cheupe na cheusi. Mimi nikaendelea. Niliwataja wote waliobaki, kwa sauti, mpaka kwa Kali, mpaka kwa Mwavita wa Chausiku, na nikaongeza Salumu. Shabani alingoja na kidole chake kwenye kompyuta, hakunikata.

Wiki hiyo nilirudishiwa mtoto mgongoni. Ni mzito sasa, anavuta masikio yangu.

Hizi ndizo habari, wajukuu. Shabani anasema nyekundu yangu ilikuwa kulia, mimi nasema kushoto. Picha iko hospitalini, mtakaopita mtazame mniambie. Na Chausiku anasema kule kwenye nyumba ya nyuma alilala miezi minne, si mitatu. Hapo msinisahihishe mimi, mwandikieni yeye minne, yeye ndiye aliyeihesabu. Lakini kama kuna jina nimelikosea, au mtu aliyekuwepo nikamruka kama nilivyomruka shangazi Zena, njooni Mikelenge, nyumba yenye dirisha la filime, mniambie kabla picha haijatoka mbovu.